Kuchagua mashine ya kusaga matawi ya nyumbani: anza na rundo lako

Kila masika yakiisha, watu hapa Arusha wakaanza kupogoa, maswali ni yaleyale. "Ninunue ya umeme au ya petroli?" "Hii imeandikwa milimita 45, itameza matawi ya mwembe?" "Kwani ile mashine ya kukatia majani ya ng'ombe haiwezi?" Nimeyajibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayajibu yote mahali pamoja.

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu. Mashine za namna hii nimemiliki mbili. Ya kwanza niliinunua kwa kutazama picha kwenye boksi, nikaijutia misimu miwili. Ya pili niliinunua baada ya kukaa siku nzima na futi mbele ya rundo la matawi, nayo bado inafanya kazi. Utaona kwamba maelezo yangu mengi yanahusu rundo kuliko mashine, na nimefanya hivyo makusudi.

## Kabla hujatoka kwenda dukani

Kuwa na vitu hivi:

- Rundo halisi la matawi ya kwako, lililokatwa ndani ya wiki moja. Usikadirie kwa kuangalia mti uliosimama.
- Futi ya fundi, au kipande cha bomba la maji la inchi moja na nusu cha kupimia unene.
- Jibu la swali hili: kutoka kwenye soketi iliyo karibu hadi mahali utakapofanyia kazi ni mita ngapi?
- Picha ya breka za nyumba yako, zinazoonyesha namba za ampea.
- Jina la fundi anayeweza kunoa visu na kutengeneza injini ndogo, na awe wa mtaa wako au karibu.
- Bajeti iliyotengwa sehemu mbili: ya mashine, na ya miwani ya kazi, vikinga masikio, waya mzuri na seti ya visu vya akiba. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika.

## Hatua

1. Gawa rundo mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni matawi manene kuliko sentimita 5. Hayo weka kando, ni kuni. Hapa ndipo maelezo ya mashine yanayoandikwa Ulaya na Marekani yanapotupoteza. Kule mtu anatafuta mashine ya kumeza tawi nene kwa sababu hana la kulifanyia. Kwetu, ukiweka tawi la mgrevilea unene wa mkono nje ya geti, halifiki jioni. Kulipia nguvu ya kusaga kitu ambacho jirani atakishukuru ni kutupa pesa.

Fungu la pili ni kuanzia unene wa kidole gumba hadi sentimita 4 au 5. Hilo ndilo la mashine hasa. Pima vipande 20, andika unene wa vile vitano vinene zaidi. Wastani hautakusaidia, kwani kinachokwamisha mashine ni vile vinene.

Fungu la tatu ni vijiti, majani, na matawi yaliyojikunja ya bogenvilia na michongoma. Bustani nyingi za nyumbani hujaa fungu hili kuliko mengine yote, na hakuna anayeliulizia dukani. Mashine inayokata tawi nyoofu la sentimita 4 kama karoti inaweza kushindwa kabisa na ndoo moja ya majani mabichi ya mwembe. Kwa hiyo kama theluthi mbili ya rundo lako ni fungu hili, liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako.

Migomba, nyasi na mabua laini usiyahesabu. Panga linatosha, kisha yaende kwenye shimo la mboji.

2. Jiulize kama unaihitaji.

Kama fungu la pili na la tatu kwa mwaka mzima haviwezi kujaza pikapu moja, usinunue. Kodi, azima, au changa na majirani wawili watatu mnunue moja nzuri. Mashine inayokaa stoo miezi kumi huharibika kabureta kabla haijaharibika visu.

3. Chagua namna inavyokata.

Kuna namna nne utakazokutana nazo.

*Diski yenye visu.* Sahani ya chuma inazunguka kwa kasi kubwa, imefungwa visu viwili au zaidi. Inachana tawi haraka na kutoa vipande safi. Hii ndiyo iliyojaa kwenye mashine ndogo za umeme na nyingi za petroli. Inapenda matawi nyoofu na mabichi. Haipendi majani mengi yenye maji, wala makuti ya mnazi, kwa sababu nyuzi zake huzunguka ekseli badala ya kukatika. Kelele ni kubwa.

*Roli yenye meno.* Inazunguka polepole sana, inavuta tawi yenyewe na kulibana kwenye bamba hadi linapondeka na kukatika. Ni ya umeme. Kelele ni ndogo, unaweza kuongea na mtu pembeni. Kwa nyumba iliyobanana na majirani, mimi hupendekeza hii kwanza. Udhaifu wake ni kwamba matawi membamba laini hutoka yamepondwa lakini hayajakatika, yananing'inia kama mkufu, na majani matupu haivuti.

*Nyundo.* Vyuma vinavyoning'inia kwenye ekseli hupiga na kusaga, kama mashine ya kusaga pumba. Hii ndiyo rafiki wa fungu la tatu: majani makavu, vijiti, mabua. Mashine nyingi za petroli zina midomo miwili, mmoja wa pembeni wa matawi unaoelekea kwenye visu, na mmoja wa juu wa majani unaoelekea kwenye nyundo. Kama rundo lako ni mchanganyiko na una nafasi, hii ndiyo ningekununulia.

*Ngoma yenye visu.* Hiyo ni ya wakandarasi na ya matrekta. Ukiwa na shamba na trekta dogo lenye shafti ya nyuma ya mizunguko 540 kwa dakika, zungumza na wanaouza zana za kilimo. Kwa uwanja wa nyumba, pita.

Na ile mashine ya kukatia majani ya ng'ombe? Inakata matete na mabua ya mahindi, basi. Visu vyake vimetengenezwa kwa kitu laini kinachoingia kwa wingi, na roli zake za kuvutia hazikupangwa kushika mti. Nimeona mtu akiingiza matawi ya mlusina unene wa kidole kwa wiki mbili, akajisifu. Wiki ya tatu beringi zikaanza kulia, ng'ombe wakakosa chakula. Usiichukue kwa kazi hii.

4. Amua umeme au petroli.

Soketi yetu ya pini tatu bapa ni ya ampea 13. Kwa volti 230, hiyo ni takriban wati 3,000, na huo ndio mwisho. Ndiyo maana mashine nyingi za nyumbani huishia wati 2,400 hadi 2,800. Ukiona mashine ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida imeandikwa wati 4,000, mwandishi wa hiyo stika alikuwa na ndoto nzuri.

Umeme unakufaa kama kazi iko ndani ya mita 30 kutoka kwenye soketi na matawi yako hayazidi sentimita 4. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, si ile ekstensheni nyembamba ya redio. Kama waya umezungushwa kwenye kigurudumu, ukunjue wote hata kama kazi iko mita tano, maana ukibaki umejiviringisha unapata joto na kuyeyuka. LUKU isikutishe: mashine ya wati 2,500 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nzima inakula yuniti 2.5, na hakuna anayeilisha saa nzima bila kupumzika.

Anayetegemea jenereta akumbuke kuwa mota huvuta umeme mwingi inapowaka kuliko inapozunguka. Jenereta iwe na angalau mara mbili ya wati za mashine, la sivyo itaguna na kuzima.

Petroli inakufaa kama uwanja ni mkubwa, soketi iko mbali, au matawi yanazidi sentimita 4 na hutaki kuyaacha yawe kuni. Injini ndogo ya sentimita za ujazo 200 hivi, ile ambayo watu huiita "sita na nusu" kwa nguvu zake za farasi, hunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa saa ikibanwa kweli. Uzuri wake ni kwamba fundi yeyote wa pampu za maji anaijua, vipuri viko kila mji.

Kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hatakuambia kwa sababu halimhusu. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda juu ya usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi. Farasi 7 za Kariakoo zinafika hapa zikiwa 6. Wa Mbeya na wa Nyanda za Juu kwa ujumla mnapoteza zaidi. Nunua ukubwa mmoja juu ya ule uliodhani unatosha.

Za betri zipo. Kwa vijiti vya waridi zinafaa.

5. Soma kibati, acha boksi.

Geuza mashine utafute kibati cha chuma au stika ya fedha. Kwenye za umeme, tafuta maandishi S1 au S6. S1 ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo. S6 40%, au kwa watengenezaji wengine P40, maana yake ni kwamba nguvu iliyoandikwa inapatikana kwa dakika 4 kati ya kila 10. Dakika 6 zinazobaki mashine inazunguka bila mzigo ipoe. Mashine ya "wati 2,800 (P40)" na ya "wati 2,200 (S1)" zinaweza kuwa karibu sawa siku ya kazi ndefu, na wakati mwingine ile ya pili ndiyo bora. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na P40 hiyo nami sikujua ni kitu gani. Nikaipeleka mfululizo nusu saa, ikazima. Nikaiwasha, ikazima. Nikaamini ni mbovu, nikaenda kugombana dukani bure.

Halafu kuna ule unene ulioandikwa. "Milimita 45" ni tawi bichi, nyoofu, la mti laini, visu vikiwa vipya. Kwa mti mgumu au mkavu, kama mwarobaini uliokaa wiki tatu juani au mpera, toa theluthi moja hadi nusu. Chukua sasa vile vipande vitano vinene ulivyoviandika. Kama kinene zaidi ni milimita 30, tafuta mashine iliyoandikwa 45. Kama ni milimita 45, umeshavuka umeme, nenda petroli.

6. Chunguza mdomo.

Weka tawi lenye matawi madogo pembeni mbele ya hopa, yaani mdomo wa kuingizia. Linaingia, au itabidi ulipogoe kwa mkasi kwanza? Midomo ya mashine nyingi za umeme ni myembamba kwa usalama, ili mkono usifike kwenye visu, na hilo ni jema. Lakini kwa bogenvilia maana yake ni kwamba utatumia muda mwingi na mkasi kuliko na mashine.

Angalia pia tundu la kutolea. Kama liko chini karibu na ardhi, vipande vitajaa na kurudi ndani. Linalofaa ni lile ambalo karai au gunia linakaa chini yake kwa raha. Na magurudumu: ya plastiki ya kipenyo cha kiganja yanakwama kwenye changarawe za geti, sembuse shambani.

7. Ulizia visu kabla ya bei.

Mwambie muuzaji akuonyeshe seti ya visu vya akiba. Si aahidi, akuonyeshe. Kama hana, omba kufungua kifuniko, pima urefu na umbali wa matundu ya bolti, upige picha. Kisu bapa chenye matundu mawili fundi wa chuma anaweza kukutengenezea. Chenye umbo la ajabu kitakulazimisha kuagiza, na utasubiri. Visu vyenye makali pande zote mbili ni bora, kikiisha upande mmoja unakigeuza.

Kama ni ya mkanda, soma namba za mkanda ujue kama unapatikana kwa wauza mikanda ya mashine za kusaga.

8. Jaribu kwa matawi yako.

Beba fungu dogo kwenye gunia uende nalo. Muuzaji anayekataa kuwasha mashine ya petroli mbele yako kwa kisingizio chochote, mshukuru uondoke. Ingiza tawi nene, kisha tawi lenye majani, kisha konzi ya majani matupu. Sikiliza mlio: ukishuka kidogo na kurudi haraka, vizuri, ukishuka na kubaki chini, mashine ni ndogo kwako.

## Siku ya kwanza, na makosa ninayoyaona

Vaa miwani na vikinga masikio. Vua kanga, mtandio, tai, saa, na glavu zenye mikono mirefu iliyolegea. Nywele ndefu zifungwe. Watoto wawe ndani ya nyumba, kwani jiwe dogo likipigwa na kisu linaruka kama risasi.

Washa, subiri ifike kasi yake kamili, ndipo uingize. Anza na upande wa shina, majani yafuate nyuma. Ukianza na kilele, matawi yanafunguka kama mwavuli na kukwama. Simama pembeni ya mdomo, wala usisimame mbele yake. Kilichobaki kifupi kisukume kwa tawi jingine refu. Mkono hauingii kwenye hopa mashine ikiwa inazunguka, hata kwa sekunde moja, hata kama umefanya hivyo mara mia bila kuumia. Na ukizima, visu huendelea kuzunguka kwa muda. Subiri visimame kabisa, chomoa plagi ukutani, au kwa petroli vuta kofia ya plagi ya injini, ndipo ufungue.

Kosa la kwanza kwa wingi ni waya. Uzio wa michongoma wa miaka kumi una waya wa kuanikia nguo, misumari na kamba za nailoni zilizomezwa na matawi. Pitisha macho kila fungu.

La pili ni kuacha matawi yakauke "ili yawe mepesi". Yanakuwa mepesi kubeba na magumu kukata. Saga ndani ya wiki moja.

La tatu ni kusaga mnyaa. Utomvu wake ukirukia machoni ni hospitali siku hiyohiyo. Usiuguse na mashine.

La nne ni kuwapa mbuzi kila kinachotoka. Majani ya mparachichi ni sumu kwao, na yakishachanganyika kwenye lundo huwezi kuyatenga.

Vipande vyenyewe tandaza juu ya udongo chini ya migomba, mibuni au waridi, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisioze. Usivichimbie ndani ya udongo vikiwa vibichi. Vinapooza huvuta naitrojeni, na mchicha wako utakuwa wa njano.

## Ikikataa kufanya kazi

*Inatoa nyuzi na vumbi badala ya vipande.* Visu ni butu. Vitoe, vinolewe kwa pembe ileile ya kiwandani, na kiasi kilekile kwa kila kisu, la sivyo diski itayumba. Fundi akitumia grenda awe anachovya kwenye maji. Chuma kikibadilika kuwa bluu, ugumu umekwisha. Ukivirudisha, angalia mwanya kati ya kisu kinachozunguka na chuma kilichotulia. Fuata kipimo cha kijitabu. Kwa nyingi ni karibu milimita 1 au pungufu.

*Ya roli inaacha mikufu.* Bamba limelegea. Mashine ikizunguka, kaza skrubu ya pembeni polepole mpaka uone unga mwembamba wa alumini ukidondoka chini, kisha acha hapo.

*Inatetemeka kuliko jana.* Zima mara moja. Kisu kimevunjika, bolti imelegea, au nyundo moja imekatika. Nyundo zibadilishwe kwa jozi zinazotazamana.

*Ya umeme inazima yenyewe.* Kinga ya joto imekata. Subiri dakika 10 hadi 15, bonyeza kitufe cha kurejesha. Ikirudia, angalia waya: ukiushika nao una joto, ni mwembamba mno. Ikiunguruma bila kuzunguka, chomoa kwanza, tazama kama kuna kitu kimekwama. Kama hakuna, kwa kawaida ni kapasita, na kapasita ni kipuri cha bei ndogo.

*Ya petroli haiwaki baada ya kukaa.* Petroli ya zamani imeganda kwenye kabureta. Mwaga, safisha, weka mpya. Unapoihifadhi, funga koki ya mafuta na uache injini izime yenyewe kwa kuishiwa.

*Injini inanguruma lakini visu vinapoteza kasi ukiingiza tawi.* Mkanda umelegea au umeng'aa kwa kuteleza. Kaza, ukiwa umepasuka, badilisha.

*Tundu la kutolea linaziba kila dakika tano.* Majani mabichi mengi mno. Ingiza konzi moja ya majani, kisha tawi kavu kidogo lipite likisafisha njia, kisha konzi nyingine. Rundo likiwa limelowa kwa mvua ya usiku, acha hadi mchana.